Mzee Jueli wa Jicho Moja

Kila siku alipotoka shule, Ruwaida alipita kwanza dukani kwa baba yake, katika mtaa wa Mwanjelwa mjini Mbeya. Aliuning'iniza mkoba nyuma ya mlango, akavua viatu, akashika ufagio. Baba yake, Makame, alikuwa sonara, na duka la sonara halifagiliwi kama maduka mengine. Kwingine vumbi huzolewa na kutupwa jalalani. Kwa Makame vumbi lilikusanywa kwa brashi ndogo, likatiwa kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko na kuwekwa chini ya meza, kwa sababu ndani yake mlikuwa na chembe za dhahabu zilizoruka wakati wa kupiga tupa. Kopo lilipojaa, Makame aliliosha vumbi lile taratibu kama mtu anayechagua mchele, na mara nyingi alipata dhahabu ya kutosha kipini kimoja cha pua.

Kazi ya pili ya Ruwaida ilikuwa kujibu maswali ya wapita njia, na kazi hiyo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe. Alikuwa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, sauti nzuri na macho makali, na katika Kiswahili chote kulikuwa na neno moja tu ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake. Neno lenyewe ni "sijui". Kwake kulisema kulikuwa aibu sawa na kutoka nje na sketi iliyochanika. Ukimuuliza analolijua, atakujibu. Ukimuuliza asilolijua, atakujibu vilevile, tena haraka zaidi.

Jumatatu moja alikuja mzee kutoka milimani, jina lake Yotamu, amebeba mbuzi mgonjwa mabegani. Aliuliza duka la dawa za mifugo liko wapi. Ruwaida hakuwahi kuliona duka hilo maishani mwake. Akanyoosha mkono bila kusita, akamwambia apite vibanda vitatu, akunje kulia, aingie mlango wenye pazia jekundu. Mzee akamshukuru sana, akaenda. Mlango wenye pazia jekundu ulikuwa wa saluni ya kusuka nywele. Kelele zilizotoka huko dakika mbili baadaye zilisikika mpaka kwa wauza viazi, na yule mbuzi, pamoja na ugonjwa wake, alitoka mbio akitafuna fungu zima la nywele za bandia.

Makame aliinua uso kutoka kwenye kazi yake, akamuuliza binti yake kama kweli alikuwa akilijua duka la dawa. Ruwaida akasema lilikuwa palepale zamani, huenda limehama. Makame akatikisa kichwa, akarudi kwenye tupa yake.

Makame mwenyewe alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa. Ukimletea pete ukamuuliza kama ni dhahabu, hakujibu kitu. Alitoa jiwe jeusi dogo, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika, akaisugua pete juu yake mpaka ikaacha alama, kisha akadondosha tone la asidi juu ya alama na kungoja. Alama ikibaki, ni dhahabu. Ikiyeyuka, ni kitu kingine. Hapo ndipo alipofungua mdomo. Haikujalisha pete ni ya nani. Siku ya Idi mama yake mzazi, Bibi Mwanakhamisi, alimpa hereni zake azisafishe, naye akazipiga jiwe kwanza mbele ya wageni. Zilikuwa dhahabu safi, lakini bibi alimnunia siku tatu.

"Mama, sikukudhania baya lolote," Makame alijitetea. "Ndivyo kazi ilivyo. Jiwe halijui mama wala jirani."

Ruwaida alikuwapo siku ile, akacheka mpaka akakaa chini. Hakufikiri kwamba jiwe lile lingekuja kumhusu yeye.

Shuleni kwao Kiingereza kilifundishwa na Mwalimu Kalinga, Mhehe wa Ipogolo kule Iringa, mrefu, mwenye sweta la kijani lililovutika mikono. Watu wengine hupenda mpira. Mwalimu Kalinga alipenda maneno. Aliwatangazia darasa la sita kwamba Iringa kutakuwa na mashindano ya maneno ya Kiingereza kwa shule za Nyanda za Juu Kusini. Mshindani atataja herufi za neno lake, ataeleza maana yake, kisha atasimulia neno hilo lilizaliwa wapi na lilisafiri vipi hadi kufika katika Kiingereza. Shule ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja tu. Kila mtu atapewa neno leo, na Ijumaa watachuana.

Mwalimu aligawa maneno kwa kumtazama mtu. Sarah Ngolo, aliyekaa dawati moja na Ruwaida, alipewa *cattle*, yaani ng'ombe, maana wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na mifugo yao kabla yeye hajazaliwa. Sarah alikuwa akiishi Mbeya kwa shangazi yake ili asome. Ruwaida, binti wa sonara, akapewa *jewellery*, neno la Kiingereza la vito na mapambo ya thamani.

Hapo palizuka ubishi kidogo. Mwalimu aliliandika neno ubaoni kwa herufi mbili za *l*, lakini kibao cha duka la Makame kiliandikwa *jewelry*, yenye *l* moja na *e* pungufu. Mwalimu Kalinga alisema kila akipita mbele ya kibao kile jino humuuma. Ruwaida akamjibu kwa heshima zote kwamba fundi aliyekiandika alisomea Dar es Salaam. Hakuwa na habari fundi yule alisomea wapi, wala kama alisoma.

Saa ya mapumziko Sarah alimwambia kwamba kamusi ya shule inaeleza maana tu, haisemi neno limetoka wapi, tena kurasa zake za mwanzo zimeliwa na panya. Yeye atakwenda maktaba ya mkoa baada ya vipindi. Akamkaribisha waende wote.

"Mimi na vito tumezaliwa pamoja," Ruwaida akasema. "Niende kutafuta nini?"

Sarah alikwenda peke yake. Alikwenda Jumanne, akaenda Jumatano, akaenda na Alhamisi kwenye mvua, akarudi na soksi zinazochuruzika. Ruwaida siku zote tatu aliruka kamba.

Ijumaa ikafika. Sarah aliitwa mapema. Akataja herufi zake bila kukosea, akaeleza maana, kisha akasema kwa sauti yake ya chini kwamba zamani neno *cattle* halikuwa la ng'ombe. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, na kabla ya hapo katika Kilatini, na maana yake ilikuwa mali, mali yoyote ile ya mtu. Baadaye Waingereza wakaliacha kwa mali yenye miguu minne peke yake.

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akauliza ni Msukuma gani atakayesema ng'ombe si mali. Hata Mwalimu Kalinga alitabasamu, akidhani Sarah amevutia kwao kidogo. Sarah akakaa, akalikunja karatasi lake mara nne.

Zamu ya Ruwaida ilipofika, alisimama akiwa na herufi na maana. Mahali pa asili ya neno palikuwa patupu kama sufuria iliyooshwa. Akatazama dirishani kutafuta msaada. Nje, mlinzi wa shule alikuwa akisinzia juani, jicho moja limefumba, jingine liko wazi kidogo.

"Zamani," Ruwaida akaanza, "katika mji wa London palikuwa na sonara mmoja maskini, jina lake Jueli. Naye alikuwa na jicho moja."

Kuanzia hapo maneno yalijileta yenyewe. Mfalme alimwita Mzee Jueli amfulie taji. Mzee akafua mwaka mzima kwa jicho lake moja, huku mkewe akimshikia mshumaa. Taji likakamilika, likang'aa hata farasi wakafumba macho. Lakini mfalme alikuwa amemaliza fedha zote vitani, hakuwa na cha kumlipa. Basi akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila kinachong'aa kitaitwa kwa jina la mzee yule. Mzee Jueli akafa kwa furaha, akazikwa na nyundo yake kifuani.

Mwalimu Kalinga alivua miwani, akapangusa machozi kwa mkono wa sweta. Kisha akasema mshindi atachaguliwa kwa makofi. Makofi ya Ruwaida yaliwatoa walimu wengine ofisini. Sarah naye alipiga.

Uongo ule haukukaa darasani. Kufikia Jumatatu watoto wa darasa la kwanza walikuwa na mchezo mpya wa kukimbia jicho moja limefumbwa, na watatu kati yao waligonga nguzo. Mwalimu Kalinga alichora picha ya Mzee Jueli kwa rangi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo juu ya ratiba ya mitihani. Kisha, kwa furaha, akaituma hadithi nzima kwa simu kwa Sista Apolonia, mtawa mstaafu wa Tosamaganga aliyemfundisha Kiingereza utotoni, na ambaye ndiye angekuwa mwamuzi mkuu. Jibu la Sista alilisoma kwa sauti mbele ya darasa. Sista alisema amefundisha Kiingereza miaka arobaini na hajawahi kukutana na sonara huyo, kwa hiyo ana hamu kubwa sana ya kumsikia binti huyu.

Mwalimu aliona hizo ni sifa. Ruwaida aliona ni mtego.

Jioni mteja mmoja alimuuliza Makame kama ni kweli kazi yao ilianzishwa na mtu mwenye jicho moja. Makame akamgeukia binti yake, akauliza maneno hayo yana ukweli. Ruwaida akasema ni kweli, Baba. Makame hakuuliza zaidi. Aliyezipiga jiwe hereni za mama yake aliyapokea maneno ya binti yake hivihivi, mikono mitupu, tena kwa fahari. Tangu siku hiyo alimsimulia kila mteja habari za Mzee Jueli, na alipokuwa akipiga tupa alifumba jicho moja kwa heshima ya marehemu.

Safari ya Iringa ilipangwa iwe Jumamosi. Jumatano Sarah alimngoja Ruwaida getini, akampa kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na sabuni, majani ya chai na daftari lake la zamani la hisabati lenye alama nzuri.

"Basi lenu litasimama Igawa," Sarah alisema. "Mama atakuwa hapo barabarani, na kitenge cha njano na kibuyu cha maziwa. Mpe hii, mwambie niko mzima."

Ruwaida akauliza mama yake atafuata nini Igawa.

"Nilimtumia salamu kwa mtu wa kijijini, ile Alhamisi kabla hatujachuana darasani. Nilimwambia napita kwenda Iringa, aje tuonane. Sijamwona tangu Januari. Sasa kule kwetu simu hazishiki, sijapata wa kumwambia kwamba siji."

"Ulijuaje kama utashinda?"

"Sikujua kama nitashinda," akasema Sarah. "Nilijua nimesoma."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, maana Ruwaida angepata la kumjibu. Alikwenda na kile kifurushi mpaka dukani akakiweka chini ya meza, karibu na kopo la vumbi, na kila alipofagia alikiona.

Alhamisi baada ya alasiri aliingia mama mmoja mnene, mcheshi, na mkufu ndani ya leso. Alitaka uongezwe kulabu, amvike mtoto wa kaka yake siku ya harusi. Makame, kama kawaida yake, akatoa jiwe. Akasugua, akadondosha asidi. Alama ikachemka kidogo, ikageuka kijani, ikatoweka. Mkufu ulikuwa wa shaba.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye benchi, ucheshi wote umemwisha. Alisema aliyemuuzia ni jirani yake, wamekaa naye miaka tisa, na alimtazama usoni akamwapia. Makame alimpa chai, akamwacha anywe mpaka mwisho. Mama alipoondoka, Makame aliendelea kuutazama mlango.

"Mkufu wenyewe hauna kosa," akasema. "Shaba ni shaba, ina kazi yake. Mwenye kosa ni aliyesema dhahabu."

Ruwaida alikuwa ameinama anafagia. Machozi yakaanza kudondoka kwenye vumbi.

"Usililowanishe hilo," Makame akasema bila kugeuka. "Likilowa linaganda."

"Baba, Mzee Jueli hayupo."

"Najua. Ulisema alizikwa na nyundo yake."

"Hajawahi kuwepo. Nilimtunga. Sikwenda maktaba, sikusoma popote. Nilimwona mlinzi amesinzia."

Makame alikuwa akipiga tupa, jicho moja limefumba. Taratibu akalifumbua. Akaanza kuwahesabu kwa vidole watu aliowasimulia: wateja wote wa wiki ile, muuza chai, mafundi wa saa mtaa wa pili, na imamu wa msikiti. Alipomfikia imamu akaacha kuhesabu, akashika kichwa.

"Kila kinachoingia mlango huu nakipiga jiwe," akasema mwishowe. "Cha kwako peke yake sikukipiga."

Ruwaida alikuwa amejiandaa kwa fimbo. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa, nayo yalimuuma kuliko fimbo yoyote. Akamwambia baba yake yote yaliyobaki: karatasi la Sarah lililokunjwa mara nne, kifurushi kile, na yule mama wa kitenge cha njano atakayesimama Igawa kumngoja mtoto ambaye hatashuka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele, baba na binti walisimama mbele ya Mwalimu Kalinga. Ruwaida alisema mwenyewe, kutoka mwanzo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatembea hadi kwenye ubao wa matangazo, akabandua picha ya Mzee Jueli, akaitazama kwa huzuni kidogo. Alikuwa amemchora vizuri.

"Na mimi nina fungu langu," akasema. "Sarah alileta kweli, nikatabasamu. Wewe ulileta uongo, nikatoa machozi. Sikumuuliza yeyote kati yenu amesoma wapi. Niliuliza makofi."

Darasa lilipojaa akamwita Sarah, akamwomba radhi mbele ya wote, akamwambia afunge mkoba, kesho anakwenda Iringa. Sarah akauliza kama ni kweli. Alipohakikishiwa, alikimbia nje ya darasa bila ruhusa, na hakuna aliyemrudisha.

Ruwaida akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yamekwisha, au ndivyo alivyodhani.

"Na wewe unakwenda," Mwalimu akamwambia. "Sista Apolonia anakungoja. Ile hadithi niliyoituma siwezi kuifuta kichwani mwake. Utaibomoa mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu."

Ruwaida akamtazama baba yake kwa macho ya kuomba huruma. Makame akasema nauli ataitoa yeye, tena kwa moyo mweupe.

Kesho yake walisafiri watatu, Mwalimu na wasichana wawili. Basi liliposimama Igawa, Ruwaida alimwona yule mama kabla ya Sarah kumwonyesha: kitenge cha njano, kibuyu mkononi, shingo ndefu inatafuta dirisha kwa dirisha. Sarah alishuka. Mama na mtoto walishikana, kisha wakaanza kusema yote kwa pamoja, Kisukuma kimechanganyika na kilio na kicheko. Ruwaida alishuka nyuma yao na kifurushi. Mama akamuuliza Sarah huyu ni nani.

"Rafiki yangu," Sarah akasema. "Ndiye aliyeniachia nafasi."

Ruwaida angependa kumeza ulimi wake. Akapiga goti, akatoa shikamoo, akasema kwamba nafasi ilikuwa ya Sarah tangu mwanzo. Mama hakuelewa vizuri, lakini alimimina maziwa kwenye kikombe akampa naye anywe. Kisha kondakta akaanza kugonga mlango na safari ikaendelea.

Iringa, ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa kutoka kila upande. Sista Apolonia alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani minene, na mbele yake mezani palikuwa na kamusi kubwa kuliko zote alizowahi kuziona Ruwaida. Mwalimu Kalinga alimsalimia "Kamwene" kwa Kihehe, akiinama kama mtoto wa darasa la tatu. Sarah alipoitwa, akasema yaleyale aliyoyasema Mbeya. Hapa hakuna aliyecheka. Sista akamuuliza swali moja tu: amesoma wapi. Sarah akataja kitabu, akataja ukurasa, akataja hata rafu ya maktaba kilipokaa na kwamba kilikuwa na doa la chai. Sista alifungua kamusi yake, akapitisha kidole, akakubali kwa kichwa. Matokeo yalipotangazwa, Sarah alipata nafasi ya pili, na zawadi yake ilikuwa kamusi kubwa mpya kwa ajili ya shule.

Zawadi zilipokwisha kutolewa, Sista akasema amesikia kuna binti kutoka Mbeya mwenye habari za neno *jewellery*. Ruwaida akasimama.

"Haya mwanangu," Sista akasema. "Neno hili lilitoka wapi?"

Kichwani mwake Mzee Jueli aliinuka na nyundo yake, tayari kwa kazi. Ruwaida akamrudisha kaburini.

"Sijui," akasema.

Alingoja kitu kitokee. Paa halikuanguka. Mtoto mmoja alikohoa. Sista akamwomba arudie, kwa maana masikio yake ni ya zamani.

"Sijui, Sista. Ile hadithi niliitunga. Sikuwa nimesoma, na niliona aibu kusema."

Watu wakacheka, lakini si sana. Sista Apolonia hakucheka. Alimwita mbele, akaifungua kamusi, akamwambia asome. Ruwaida akaweka kidole chini ya mistari midogo. Palikuwa na Kifaransa cha kale, na nyuma yake Kilatini, na neno la Kilatini lenye maana ya mchezo, au mzaha. Vito vya wafalme vilipata jina kutokana na mzaha. Ruwaida akaona hakuna mtu angeamini jambo hilo. Lilionekana la kutungwa kuliko Mzee Jueli.

"Sasa soma neno lililo kabla ya Kilatini," Sista akasema.

Ruwaida akalisoma, akalisoma tena. Lilikuwa neno fupi la Kiingereza, na maana yake "labda".

"Labda," akasema.

"Labda," Sista akarudia. "Wengi wanaona limetokana na mchezo. Wengine wanaona limetokana na neno jingine la Kilatini, lenye maana ya furaha. Walioandika kitabu hiki walitumia maisha yao yote katika maneno, na walipofika wasipokuwa na hakika waliandika kwamba hawana hakika. Ndiyo maana wanapoandika bila labda, mimi nawaamini."

Ruwaida aliitazama kamusi ile nene kama tofali. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kikubwa namna hiyo kinaweza kusema "labda" bila kuona haya. Kabla hajarudi kukaa, akakumbuka kuuliza kuhusu *l* moja na *l* mbili. Sista akasema Waingereza huandika kwa mbili, Wamarekani kwa moja, na zote ni sahihi mahali pake. Mwalimu Kalinga, kule nyuma, alishika shavu.

Jumatatu Ruwaida alikuwa tena dukani, ufagio mkononi, akimsimulia baba yake. Makame alifurahi sana kusikia kibao chake hakina kosa, akauliza jino la Mwalimu sasa linaendeleaje. Adhabu ya Ruwaida dukani ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuitenda: kila mteja aliyeuliza habari za sonara wa London alielekezwa kwake. Siku hiyo walikuwa wamekuja saba. Wa saba alikuwa imamu, aliyetaka kujua jicho lililokosekana lilikuwa la kulia au la kushoto.

Imamu alipoondoka akitikisa kichwa, Makame alilitoa lile jiwe jeusi, akaliweka kiganjani mwa binti yake.

"Unajua kwa nini watu wanavuka maduka mengine kuja kwangu?" akamuuliza. "Wapo wanaojua kufua kunishinda. Wanakuja kwa sababu nikisema sijui, ngoja nipime, wanajua nikisema dhahabu, ni dhahabu. Neno nalo ni hivyohivyo, mwanangu. Lipime kwanza. Kama huna cha kulipimia, sema hujui. Hakuna atakayekudharau, na siku utakaposema unajua, watakuamini."

"Na wewe utaniamini, Baba?"

"Nitakupiga jiwe muda kidogo," Makame akasema. "Kama bibi yako."

Walikuwa bado wanacheka mwanga wa mlangoni ulipozibwa. Mzee Yotamu alisimama pale, na nyuma yake, kwenye kamba, mbuzi aliyepona na kunenepa. Mzee hakumtambua Ruwaida mara moja, maana jua lilikuwa nyuma yake na dukani kulikuwa na giza. Akauliza ofisi ya maji iko upande gani. Mkono wa Ruwaida ulishaanza kunyooka wenyewe. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushusha.

"Sijui, babu," akasema. "Kaa kidogo, nimuulize Baba. Na yeye asipojua, nitakwenda kuuliza kwa jirani."

Mzee Yotamu akainama, akamtazama vizuri usoni, akamtambua. Akageuka, akamtazama mbuzi wake pia. Kisha akamfunga mbuzi kwenye mguu wa benchi, akakaa kusubiri.